Mama Anakuja Kutazama Nairobi

Nairobi,
8 Julai 1951

Nabwire wangu,

Kama umesimama, tafuta pa kukaa kwanza ndiyo usome. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha, na ile suruali uliyonishonea bado inanibana tumboni, kwa hiyo usiogope kwamba ninakufa njaa.

Habari yenyewe ni hii: nimepata chumba! Chumba cha mtu na mkewe, huko Kaloleni, kina dirisha la kioo na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Miaka mitatu hii nimelala na wanaume watano, kila mmoja na mkoromo wake, na Khisa anaota kwa sauti akigombana na ng'ombe wa baba yake. Juzi karani wa nyumba akaniita. "Walubengo, jina lako limefika. Mke yuko wapi?" Nikamwambia yuko Eldoret, anafundisha watoto wa shamba. Akasema yeye hatoi chumba kwa mke wa kwenye bahasha. Mwisho wa Agosti uwe umefika mwenyewe kwa miguu yako, la sivyo chumba anapewa mwingine.

Njoo, Nabwire. Sitaki kupamba maneno. Watu wa nyumbani kila nikikutana nao wananiuliza habari ya mtoto, nami nawaambia mtoto haletwi na posta. Wanacheka, na mimi nacheka, halafu nikienda kulala sicheki tena.

Tena ukiulizwa mumeo anafanya kazi gani, usiseme anaendesha gari, maana baba yako mdogo aliniandikia akitaka nimbebee magunia. Mimi naendesha lifti. Ni chumba kidogo kama choo, kinavutwa na kamba za chuma kutoka chini mpaka ghorofa ya sita, na mimi ndiye mwenye mkono wa kukisimamisha. Kutwa nzima nawauliza mabwana wanashuka ghorofa gani. Jioni nikishamteremsha wa mwisho na kufunga geti, hapo ndipo nakukumbuka vibaya sana. Nimeanza kusahau sauti yako ukiwa umekasirika, na hilo linaniogopesha.

Nijibu upesi.

Mimi mumeo,
Walubengo


Soy, Eldoret,
15 Julai 1951

Mume wangu Walubengo,

Nilipanda lori la maziwa Jumamosi mpaka mjini, nikaenda Posta, nikaipata barua yako. Nilianza kuisoma nimesimama barabarani. Halafu nikakaa kwenye ngazi za duka la Mhindi nikaisoma tena, mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata nyumba. Akanipa pole hata hivyo.

Sasa nisikilize bila kukasirika.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Alikuwa anasonga ugali, hakusema kitu. Tukala, hakusema kitu. Unajua tangu baba afariki tumekuwa sisi wawili tu katika nyumba hii ya shamba, yeye na pareto yake, mimi na shule yangu. Nilidhani amekataa. Asubuhi, nikiwa nafunga kitambaa niende darasani, akasema, "Mimi simtoi mtoto wangu kumpeleka mahali nisipopajua. Nitakwenda kwanza nipaone hapo Nairobi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Kumbe alishaazima kikapu kwa jirani!

Basi ni hivi. Shule inafunga mwanzo wa Agosti. Tutapanda treni hapa Eldoret Jumamosi, tufike huko Jumapili tarehe kumi na mbili asubuhi, na jioni ile ile tugeuke. Kulala kwa mkwe ni jambo ambalo hata kulitaja siwezi. Ni siku moja tu, Walubengo. Akiridhika, nafunga sanduku. Asiporidhika, siendi. Sikuandikii hivi kukutisha. Nakupenda, nawe unajua, lakini mama ninaye mmoja na yeye hana mwingine ila mimi.

Fikiria atatazama nini hapo mjini, na kiwe cha bure, maana tikiti mbili za daraja la tatu zitakomba kila kitu tulicho nacho. Macho yake yanamsumbua kidogo siku hizi, lakini miguu bado ni ya farasi wa Kaburu.

Na fikiria vilevile wewe utajificha wapi.

Mkeo,
Nabwire


Nairobi,
22 Julai 1951

Nabwire! Ai, Nabwire!

Barua yako nimeisoma kwenye lifti, nikampitisha bwana mmoja ghorofa mbili juu ya ofisi yake. Kidogo nifukuzwe kazi.

Hivi mama amefikiria jambo hili vizuri? Tangu nimekuoa sijawahi kumtazama mama yako usoni. Sijala mbele yake, sijamtaja jina, mkono wake siujui ukoje. Tukikutana njiani huko nyumbani mimi najitupa ndani ya mahindi mpaka apite. Sasa hapa Nairobi hakuna mahindi! Barabara ni pana, miti wameipanda mbali mbali, pembe zote ni peupe. Mtu akitaka kumheshimu mkwe wake hapa ajitie kwenye bomba la maji machafu.

Lakini nimekaa, nimefikiri, na jioni mbili nimezunguka mji mzima kwa miguu nikipima. Haya, sikiliza mpango.

Mkishuka stesheni, msinitafute. Nitakuwa nimesimama mbele, mgongo kwenu, nimevaa kofia ya kahawia yenye utepe mweupe. Nikianza kutembea, nifuateni kwa mbali. Nikisimama, jueni hapo pana kitu cha kutazama. Wewe ndiye utamweleza mama, mimi nitakuwa nimekwisha kukuandikia kila kitu.

Kwanza ni chai. Kuna mama mmoja anauza chai na mkate nyuma ya stesheni, nitamlipa mapema, nyinyi mnywe, mimi nitasimama ng'ambo nikitazama ukuta. Kutoka hapo twende Barabara ya Government kutazama maduka. Jumapili yamefungwa yote, na hiyo ndiyo bahati yetu, maana vitu vyote viko dirishani na hakuna wa kutufukuza wala wa kutubembeleza tununue. Kuna dirisha moja lina vitanda vya Kizungu, mama asilipite bila kuliona. Halafu bustani ya Jeevanjee, kuna sanamu ya malkia wa zamani wa Waingereza, mnene, amekasirika, na nyasi za kukalia ni bure. Mle chakula chenu hapo. Ndege za kuruka mara nyingi hupita juu saa za mchana, nazo hazina kiingilio.

Halafu twende Kaloleni, mama akione chumba kwa nje, na bomba, na kanisa.

Kubwa nimeliweka mwisho. Nataka mama apande juu ya paa la jumba letu! Kutoka pale unaona mji wote, reli yote, mpaka mbuga ambako simba wako. Siku za kazi lifti si ya watu kama sisi, mimi naipanda kwa sababu naiendesha. Lakini Jumapili mabwana hawapo, na Khisa, yule wa ndoto za ng'ombe, ndiye mfagiaji mwenye funguo. Amekubali. Tukikamatwa tutafukuzwa wote wawili, ila yeye anasema anataka sana kuona sura ya mwanamke aliyekuzaa.

Shida ni moja. Lifti ni kama kabati, na mwendeshaji ni mimi. Nitajifungia kabatini na mama mkwe wangu, tugusane mabega, mpaka ghorofa ya sita? Hata mkinipa ufalme, hapana! Kwa hiyo nitamfundisha Khisa kuendesha. Wiki tatu zinatosha. Mimi nitapanda kwa ngazi.

Siku nzima sitageuka, Nabwire, lakini nitakuwa nikisikiliza viatu vyako.

Mumeo,
Walubengo


Soy, Eldoret,
29 Julai 1951

Mume wangu,

Nilimsomea mama mpango wako, nikiruka yale ya bomba la maji machafu. Unajua alifanya nini? Alicheka! Alijifunika uso kwa leso akacheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba.

Halafu akaanza maswali. Jua linaingia chumbani asubuhi au jioni? Maji yako mbali? Jirani wa ukuta mmoja ni watu wa wapi, wanagombana usiku? Kengele ya kanisa inasikika mtu akiwa kitandani? Hizo habari za madirisha ya maduka hakuziuliza hata kidogo, kwa hiyo usihangaike sana nazo. Tukitembea taratibu inatosha. Na viatu hana, wala hataki nimwazimie, anasema Nairobi imeshaona miguu.

Chakula tutabeba wenyewe, viazi na maziwa ya kibuyu. Mwalimu Kimeli, mkubwa wetu wa shule, ameahidi kutufikisha stesheni na mkokoteni wake wa punda. Yeye kama Mnandi anashangaa sana jambo letu. Ananiuliza, "Kwa hiyo mumeo atawatembeza mji bila kuwa nanyi?" Nikamwambia ndiyo, atatutembeza vizuri sana. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Haya, sasa naandika peke yangu, mama ameenda kuchuma pareto.

Walubengo, miaka mitatu! Nimekukumbuka usiku na mchana, nimekukumbuka mpaka nimewapiga watoto wa watu darasani bila sababu. Na sasa nitakuja mpaka hapo ulipo, nione kisogo. Haki ya Mungu, kinyoe vizuri hicho kisogo. Najua heshima ni heshima, wala sikuombi uivunje. Lakini niahidi jambo moja. Huko juu ya paa, mama akishakaa na kutulia, uje nyuma ya ukuta au chochote kilichopo, unishike mkono. Hata kama ni kwa muda wa mtu kupiga chafya. Nisirudi huku mikono mitupu.

Mkeo,
Nabwire


Nairobi,
5 Agosti 1951

Nabwire wangu,

Ya leo ni fupi, nataka iwahi treni.

Nimezungumza na jirani wa ukuta mmoja. Ni Wateso, mume na mke, wanaimba nyimbo za kanisa jioni na hawagombani. Jua linaingia asubuhi. Kengele inasikika.

Khisa sasa anajua kupanda na kushuka. Kusimama ndiko kunampa taabu, mara anapita kidogo, mara hafiki, lakini jana alisimama sawasawa mara nne mfululizo akataka nimpigie makofi.

Kisogo kitanyolewa Jumamosi.

Ndiyo. Nakuahidi. Nitakushika mkono.

Walubengo


Soy, Eldoret,
14 Agosti 1951

Walubengo,

Ulikwenda wapi?

Sikusalimii kwanza. Ulikwenda wapi wewe? Nimesimama stesheni ya Nairobi mpaka yule mwenye filimbi akanipigia kelele nipande. Kila kofia ya kahawia nilidhani ni wewe. Mama ameketi dirishani, mimi nalia, abiria wanadhani tumefukuzwa kazi.

Asubuhi yote ilikuwa nzuri mno. Ulitembea mbele yetu kama ulivyosema, ukisimama, ukiondoka, na kisogo chako kimenyolewa, nilikiona, nikacheka peke yangu. Kwenye dirisha la vitanda ulisimama muda mrefu. Mama akaniuliza, "Anatazama nini?" Nikamwambia kitanda. Akasema, "Mm." Kaloleni alishika ukuta wa chumba kwa mkono, akasikiliza, akanywa maji ya bomba. Nikajua mambo yanakwenda vizuri. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kufunga sanduku.

Halafu lifti. Khisa wako alipita ghorofa ya nne, akarudisha, akapita tena kwa chini, na sijui alishika nini, ikakwama katikati na taa ikazimika. Giza! Khisa akaanza kumwomba Mungu kwa sauti. Mama alinishika mkono. Nikasikia miguu yako ikishuka ngazi mbio, geti la juu likafunguliwa, mwanga ukaingia pale juu ya vichwa vyetu, na nikaona mikono yako. Ulipiga magoti ukasema, "Mama, nipe mikono." Tukamwinua mimi na Khisa, ukamvuta, akatoka.

Nikangoja zamu yangu. Nilinyoosha mikono yangu juu, Walubengo. Niliinyoosha. Na uliyemtuma kunivuta ni Khisa, alipanda yeye kwanza halafu akanivuta mimi kama gunia. Nilipofika juu, mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti, mikono yake juu ya mapaja, na wewe hupo. Khisa akatupandisha paa kwa ngazi. Tukakaa tukingoja. Hukuja.

Mama hajasema chochote tangu tumerudi. Nikimuuliza Nairobi ilikuwaje, anasema, "Niache." Na mwezi unakwisha.

Nabwire


Nairobi,
18 Agosti 1951

Nabwire wangu,

Nipige, ninastahili.

Nilikuwa stesheni. Nilisimama nyuma ya mabehewa ya mizigo, nikakuona unavyotafuta. Uliweka mkono juu ya macho kuzuia jua. Nilitaka kupiga kelele nikuite, na kila nikifungua mdomo nilimwona mama dirishani amekaa wima kabisa, nikajirudisha nyuma ya behewa. Treni ilipoondoka nilikimbia pembeni ya reli mpaka askari akanisimamisha.

Nabwire, nimemshika mama mkono. Mikono yote miwili. Na si kumshika tu, alipotoka aliniangukia kifuani, kichwa chake kikawa hapa chini ya kidevu changu, nikanusa moshi wa kuni katika leso yake. Mama mkwe wangu! Baba yangu mzazi aliishi miaka arobaini na hakuwahi kukaa kivuli kimoja na mama wa mama yangu. Nilimweka kwenye kiti kilichokuwa hapo kwenye korido, akanielekezea uso wake, akanitazama hivi, moja kwa moja, bila kupepesa. Nikaona nimekwisha. Nilishuka zile ngazi sijui kama niliruka au nilianguka.

Nilikuwa nimekuahidi wewe mkono, nikampa mama. Wewe sikukugusa hata ukucha. Usiku nalala nikilifikiria hilo tu. Ulikuwa chini yangu pale, mita moja, mikono juu, nami nikakimbia.

Najua kwa nini mama amenyamaza. Mwambie nitakuja kulipa lolote wazee watakalosema. Lifti tuliikwamua usiku ule ule, mabwana hawakujua. Lakini karani wa nyumba ameniuliza tena jana. Nimwambie nini?

Walubengo


Soy, Eldoret,
22 Agosti 1951

Mume wangu,

Nilikuwa na hasira hata ya kukuvunjia sahani. Sasa imekwisha, imebaki kitu kibaya kuliko hasira.

Mama hakukutazama. Alikuelekezea uso kwa sababu alisikia pumzi zako. Mama haoni, Walubengo. Nilikuandikia kwamba macho yanamsumbua kidogo, kwa sababu yeye alinikataza kumpelekea mkwe habari za mwili wake, na kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka kuiandika ikawa kweli. Si kidogo. Mwaka jana alikuwa bado ananijua kwa sura nikiwa karibu. Sasa anajua mwanga na giza, basi. Pareto anachuma kwa vidole. Jikoni ninaweka kila kitu mahali pamoja.

Siku nzima ile ulijificha mbele ya mtu asiyeweza kukuona. Nilikuwa nikikutazama unavyopiga hatua kwa adabu, unavyojibanza kwenye nguzo ya taa, na nilitaka kukwambia, geuka tu, geuka unitazame hata mara moja. Lakini yeye angesikia nikisema. Madirisha yote ya maduka nilimsimulia. Kitanda nilimsimulia mpaka rangi ya shuka. Juu ya paa aliniuliza reli iko upande gani, akageuza uso huko, akakaa hivyo.

Nilidhani akiridhika na Nairobi nitakuwa na haki ya kuondoka. Kumbe hata akiridhika, nitamwacha na nani? Nani atamwambia chumvi iko wapi? Sijui nilifikiri nini. Nilifikiri wewe tu, ndivyo ilivyokuwa.

Mwambie karani chumba ampe mtu mwingine. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili, karatasi ya kwanza nilichana. Usije kunibembeleza kwa barua, maana nitashindwa.

Bado ni mkeo,
Nabwire


Soy, Eldoret,
27 Agosti 1951

Kwa mume wa binti yangu,

Jina lako sitalitaja, unajua sababu. Anayeandika hii ni Mwalimu Paul Kimeli, nami nasema kwa Kiswahili ili anielewe, kwa hiyo nikikosea ni mimi, na akiongeza chake Mungu anamwona. Nimemuuliza kama barua ni kukutana na mtu. Anasema kwao hajui. Kwetu hakuna aliyekataza, nadhani kwa sababu wazee hawakuwa na posta. Basi naandika.

Nabwire amekuandikia ukawape watu chumba. Alidhani nimelala, alikuwa analia na karatasi. Nimemuuliza, akanieleza yote, na nimemgombeza sana. Huyo mtoto tangu zamani anapenda kubeba mzigo ambao hakuombwa. Chumba ni chenu. Kama umekwisha kumwambia karani, rudi kwake upesi umwambie mkwe wako ni mkorofi na amebadilisha maneno.

Umemwambia kwamba nilikutazama. Sikuona kitu, baba. Nilikuwa nikiona mwanga mlangoni na kitu cheusi katikati yake, na hicho ndicho wewe. Hata juu ya nyumba yenu niliona mwanga tu. Mimi sikuja Nairobi kutazama vitanda. Nilikuja kumjua mtu atakayekaa na mtoto wangu mimi nikiwa sipo, na siku nzima sikumjua, kwa sababu alikuwa na adabu mno. Nilisikia viatu tu, huko mbele. Nikawa nasema moyoni, Nanzala, umepoteza nauli.

Halafu tukakwama katika lile sanduku. Niliogopa, nakwambia ukweli. Mtu asiyeona akisikia wengine wanaogopa giza, anaogopa mara mbili. Ukasema, "Mama, nipe mikono." Sauti yako sikuwahi kuisikia, lakini ni nani mwingine Nairobi angeniita mama huku anatetemeka hivyo? Nilijua ni wewe. Ningeweza kusema ngojeni, tafuteni mtu mwingine, nami ningengoja mpaka jioni. Nilikupa mikono nikijua ni wewe. Kwa hiyo kama kuna kosa, ni letu sote. Kondoo utamleta siku utakayokuja, wazee watasema la kusema, na tutakuwa tumemaliza.

Nilikaa kimya siku hizi zote si kwa sababu ya mkono. Nilikuwa nazoea. Nilishaamua pale pale kwenye kiti kwamba atakwenda, na nilitaka siku chache za kuwa naye kabla hajajua.

Jepchirchir, mke wa Mwalimu, atanipitia asubuhi na jioni, maji ataleta binti yake. Chumvi najua ilipo, Nabwire anapenda kujiona wa maana. Pareto haijawahi kuhitaji macho. Amekataa kuondoka siku nne, leo nimemwambia nikimwona kesho hapa nitahama mimi. Sanduku limefungwa. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, na bahasha tumeibandika kwa gundi ya shule, ameapa hataifungua.

Akishuka kwenye treni usisimame mbele na kofia. Mimi siko. Mshike.

Lipo jambo la mwisho. Mwalimu ameinua kalamu, nimemwambia andika. Tangu baba yake afe, mimi nalala nikisikia pumzi za huyu mtoto upande wa pili wa moto. Nisipozisikia silali. Leo ni usiku wetu wa mwisho na sijui kesho nitafanya nini, baba, sijui kabisa. Sikumwambia yeye, na nyumbani kwangu hakuna mwingine wa kumwambia, ndiyo nakwambia wewe. Usimwambie. Atapanda treni ya jioni ile ile arudi huku, namjua.

Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimekusalimu tu.

Ni mimi mama yake,
Nanzala
(alama ya kidole chake, kwa mwandiko wa P. Kimeli)